Ngozi Saba Juu ya Tanuri la Kambare

Paukwa!

Pakawa!

Paukwa moshi.

Pakawa macho yatoke machozi.

Sogeeni basi. Anayesikia baridi akae katikati.

Zamani za kale, kale ambayo hata ukungu ulikuwa bado kijana, palikuwa na kijiji juu mlimani. Msimu wa kipupwe jua la huko lilichomoza bila kuonekana. Watu waliamka ndani ya ukungu, wakalima ndani ya ukungu, wakasalimiana kwa sauti kwanza na sura baadaye. Mtu ungemwona anakuja, ukamwona tena hayupo, ukabaki hujui kama amepita au umemwota.

Chini ya kijiji palikuwa na bwawa. Maji yalipopungua, watu waliteremka na matenga wakavua kambare. Walivua mara tatu, basi, mpaka mwaka mwingine. Kambare hao ndio kitoweo cha kijiji hadi mavuno. Na kambare mbichi hamngoji mtu. Sharti abanikwe.

Kijiji kilikuwa na tanuri moja la moshi, nje, uwanjani. Lilikuwa na ukuta wa udongo wa kufika kiunoni, mdomo wa kutilia kuni chini, chanja la fito juu, na jamvi la kufunikia. Samaki wa nyumba zote walipangwa humo humo. Ili wasichanganyike, kila nyumba ilimfunga kambare wake uzi wa mgomba kwa fundo lake yenyewe. Na desturi ilisema mke mpya ndiye atunze moto.

Mwaka ule mke mpya alikuwa Malemba, aliyetoka ng'ambo ya mlima kuolewa na Righa.

Mvuo wa kwanza, Malemba akakoka moto. Kambare wakaoza.

Mvuo wa pili, Malemba akakoka moto mkubwa zaidi. Kambare wa chini wakaungua, wa juu wakaoza.

Mama mkwe wake akamwita jikoni. Hakupandisha sauti.

"Mkamwana, mimi sisemi kitu. Watu ndio wanasema mkono wako ni wa baridi. Mvuo wa tatu ukioza, wazee watakurudisha kwenu, na mimi sitakuwa na neno la kuwaambia."

Malemba akainama. Alimpenda Righa. Alikwisha kuizoea nyumba ile, hata ndoto zake zilikuwa zimeacha kurudi ng'ambo ya mlima. Zilikuwa zinaota hapo hapo.

Mvuo wa tatu ukaletwa. Malemba akapanga samaki alfajiri, akakoka moto, akafunika jamvi. Kuni, kuni, kuni. Upepo ukavuma vuu, ukungu ukalala juu ya tanuri.

Akaja Mwadime, mwenye kinywa kipana kuliko wote kijijini. Akainua jamvi. Fuuu, joto likatoka. Akatazama fundo lake. Akafunika. Akaenda zake.

Akaja Wakesho, jirani yake. Akainua jamvi. Fuuu, joto likatoka. Akatazama fundo lake. Akafunika. Akaenda zake.

Akaja mama mkwe. Akainua jamvi. Fuuu. Hata yeye akatazama fundo lake.

Malemba akaongeza kuni. Machozi yakamtoka, na kwa kuwa palikuwa na moshi, hakuna aliyemuuliza analia nini.

Ndipo ukungu ukamtoa Bibi Mghoi. Alikuwa mzee sana. Waliomjua akiwa msichana wote walikuwa wamekufa. Akakaa juu ya jiwe, akaweka kiganja chake ukutani mwa tanuri.

"Mjukuu wangu, unabanika samaki au unabanika ukungu?"

"Bibi, tangu alfajiri natia kuni. Moto ninao. Joto ndilo silioni."

"Basi kuni usiongeze. Punguza."

Malemba akavitoa vigogo vilivyowaka ndimi, akaacha makaa na kuni mbili kavu zilizolazwa pembeni. Bibi akasinzia, au alifanana na mtu anayesinzia.

Akarudi Mwadime.

"Hodi hapo. Nimekuja kumjulia hali kambare wangu."

"Karibu, baba," akasema Bibi Mghoi, macho yamefumbwa. "Inua, ni wako. Lakini leo anayeinua anavua ngozi aliyovaa, anaiacha juu ya jamvi."

"Kwa baridi hii? Bibi, unataka kunibanika mimi?"

"Wewe hubanikiki. Mafuta huna."

Wakesho, aliyekuwa njiani anakuja, akacheka mpaka akashika goti. Mwadime akaona haya kurudi nyuma. Akainua, akatazama, akafunika. Akavua ngozi yake ya mbuzi, akaitandaza.

"Nitaichukua lini?"

"Kambare wako akikauka."

Akaja Wakesho. Akainua, akatazama, akafunika, akaacha ngozi. Akaja mwingine. Akaacha ngozi. Akaja mama mkwe, akamtazama Bibi, akamtazama Malemba, akaacha ngozi. Zilipofika saba, tanuri lilikuwa limevaa kama mzee anayekwenda harusini. Bibi Mghoi akanyanyuka, akazivuta ngozi mpaka zikafunika ukuta wa upande wa upepo. Upande wa pili akaacha tundu la kupitishia moshi, dogo, la ngumi moja.

Wa nane akaja. Akamwona Mwadime bado yuko pembeni, anatetemeka, tete-tete-tete, kifua wazi. Akasema, "Nadhani samaki wangu ni mzima." Akarudi zake.

Baada ya hapo hakuja mtu. Kukawa kimya. Kimya hicho ndicho Malemba alichokisikia. Ndani ya tanuri mafuta yakaanza kudondoka juu ya makaa. Tsii. Tsii. Akaweka kiganja ukutani. Ukuta ulikuwa na joto kama ubavu wa ng'ombe aliyelala.

Moshi ukatambaa kutoka tunduni, ukakutana na ukungu, vikaondoka pamoja bila kuagana. Malemba akauliza polepole, kama mtu anayezungumza usingizini.

"Bibi, mbona hukuwaambia tu wasiinue?"

"Ningewaambia, ningekuwa nimewaita wezi. Na wao si wezi. Mwaka wa shida mtu hutazama chake. Hata mimi nilitazama."

"Wewe, Bibi?"

"Nilikuwa na umri wako. Kipupwe kilikuwa kikali. Nilikwenda tanurini asubuhi, nikaenda adhuhuri, nikaenda alasiri. Samaki wakaoza. Mke aliyetunza moto akarudishwa kwao." Akarudisha kiganja ukutani. "Jina lake limenitoka, mjukuu wangu. Fundo langu nalikumbuka mpaka leo."

Malemba akasukuma kuni kidogo ndani.

Siku ya kwanza tsii. Siku ya pili tsii. Siku ya tatu tanuri likanyamaza.

Watu wakakusanyika, saba kati yao wamejikunyata. Ngozi zikaondolewa, jamvi likainuliwa. Kambare walikuwa wa rangi ya asali, wa juu kama wa chini. Mama mkwe akamchukua mmoja, akamvunja. Kah. Mkavu mpaka mfupani. Akatafuna kwa muda mrefu, watu wote wanamtazama taya.

"Mkamwana," akasema, "mwakani nani atatunza tanuri?"

Malemba akajibu, "Mke mpya, mama. Kama ilivyo desturi."

"Basi wewe utamfundisha."

Akamkatia Malemba kipande cha tumboni, kile chenye mafuta, akampa mkononi mbele ya watu.

Bibi Mghoi alikwenda na ukungu wa mwaka uliofuata. Lakini mpaka leo, huko mlimani, ukifika tanurini kipupwe hawakuulizi habari za nyumbani. Wanakuuliza, "Umekuja kutazama au umekuja kufunika?"

Joto, wanangu, haliletwi na kuni peke yake. Hukaa pale penye kufunikwa. Na mtu naye ni hivyo hivyo.

Hadithi yangu inaishia hapo moshi ulipoishia. Aliyeachwa na baridi asogee, ampishe mwenzake.