Kiboko na Karatasi ya Ukutani

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa na nini?
Pakawa na kinu!
Kinatwanga nini?
Kinatwanga watwangaji!

Haya, sogeeni. Hii nawasomea kwa macho yangu mwenyewe, sisomewi na mtu. Nikikwama, ningojeni.

Kiboko alikuwa na kiwanda cha kutwanga mahindi. Watwangaji wake walikuwa Kobe, Kanga na Nguchiro. Asubuhi tu! tu! tu! Mchana tu! tu! tu! Mpaka jua linazama, tu! tu! tu!

Sasa Nguchiro alikuwa na darasa. Kila alasiri, kisomo cha watu wazima, kwa Mwalimu Korongo. Ameshakosa mara mbili. Akikosa ya tatu, nafasi yake anapewa mwingine.

"Bosi, naomba nitoke saa nane, niwahi darasa."

"Darasa? Na hizo mvi?" Kiboko akacheka, tumbo bwa! bwa! bwa! Akavaa miwani, akasimama mbele ya karatasi ya baraza la pori iliyobandikwa ukutani, ile yenye picha ya kinu juu. "Imeandikwa hapa: Kazi mpaka jua lizame. Darasa marufuku. Anayenung'unika aongezewe gunia."

"Kama imeandikwa, basi," akasema Kobe.

"Imeandikwa, tufanyeje?" akasema Kanga. Wala hawaijui hata a.

Kiboko akaenda kula. Nguchiro akashika ufagio, akafagia, akafagia, mpaka ukutani. Akasoma kwa kidole. Ka-zi. Ka-zi mwi-sho sa-a na-ne. Mwe-nye da-ra-sa a-si-zu-i-we. Kijasho kikamtoka. Akarudia. Ni vilevile!

"Huyu ni mwongo," akawaza, "au ni kama mimi wa mwaka jana?"

Akabandua karatasi, akaibandika kichwa chini.

Kiboko akarudi, anacheua.

"Bosi, ile ya gunia nimeisahau. Tusomee tena."

Kiboko akavaa miwani. Ehem! "Imeandikwa hapa: Kazi mpaka jua lizame..."

Kobe akatoa shingo yote. "Bosi, mbona kinu kimepinduka?"

"Mahindi yanamwagika, bosi!" Kanga akaangua kicheko, kwe-kwe-kwe!

Nguchiro akaigeuza karatasi, akaisoma mbele ya wote, herufi kwa herufi.

Kiboko akainama. Masikio yakalala. "Leo," akasema polepole, "nimesahau miwani."

Miwani ilikuwa puani.

Kanga akagaagaa chini. Nguchiro hakucheka. Maneno yale yalikuwa yake. Siku ya kutia dole gumba kwenye mkataba aliulizwa, mbona husomi? Akajibu, nimesahau miwani. Na hajawahi kuwa na miwani tangu azaliwe. Hata siku ya kwanza darasani alishika kitabu kichwa chini. Mwalimu Korongo akakigeuza kimyakimya, asione mtu.

Saa nane vinu vikanyamaza. Nguchiro akawahi darasa, akakaa.

"Haya, Nguchiro, tusomee."

Akafungua kitabu. Akayaona tena moyoni masikio ya Kiboko, yalivyolala alipomwaibisha mbele ya wote. Akakifunga kitabu.

"Kuna nini, mzee mwenzangu?"

"Nimesahau miwani, mwalimu."

Kinu nimekifunika. Mwenye unga abebe unga, mwenye pumba abebe pumba. Na funzo lake ni hili: msisome, jamani. Asiyejua kusoma haoni aibu. Anasahau miwani tu.