Unamstiri Nani?

Tulieni kidogo, ndugu zangu. Na nyinyi kina mama huko nyuma ya pazia, sogeeni msikie, maana la leo linatuhusu sote.

Palikuwa na mama mmoja, fundi wa kushona sare za shule. Siku moja anampima bintiye wa darasa la sita sketi mpya, akakuta kiuno kimepungua inchi mbili. Akauliza kulikoni, mtoto akaangua kilio. Kumbe katika kundi la simu wanalotumiwa kazi za nyumbani ameingia mtu anayejiita mwalimu wa hesabu. Aliomba picha, binti akatuma yake akiwa na sare. Sasa anataka nyingine, ya kichwa wazi, bila mtandio, na asipopata ataisambaza ile ya kwanza na maneno ya uongo juu yake.

Mama akakimbilia kwa dada yake, maana wanakaa ua mmoja. Dada akamziba mdomo kwa kiganja.

"Wee, mdogo wangu! Mstiri mwanao! Futa hayo maneno, mnyang'anye simu, yaishe. Ukienda shule, mtaa mzima utamjadili."

Semeni kweli, nani kati yetu asingekubali? Tumelelewa na neno hilo. Hata yule mama alikubali, akashika simu tayari kufuta. Ndipo likamjia swali: nikifuta, ninamstiri nani? Mwanangu, au huyu mtu?

Hakufuta. Asubuhi akapiga moyo konde, akaenda shuleni. Mwalimu mkuu akasoma ujumbe wote, akavua miwani.

"Mama, mwalimu wa jina hili hatuna. Lakini mbona hakuna mzazi mwingine aliyelalamika?"

"Basi waite, Mwalimu. Uwaulize mbele yangu."

Wakaitwa Jumamosi, darasa likajaa hadi barazani. Mama akasimama. Sauti ilikuwa imara, nawaambia. Jina la mwanawe hakulitaja.

"Mabega ya watoto wenu nimeyapima kwa mikono hii," alisema. "Kuna mtu anawanyemelea kwenye simu. Ambaye mtoto wake yamemfika, asimame nami."

Kiti kikalia. Mtu wa kwanza kusimama, mtandio umelowa machozi, alikuwa nani? Dada yake! Yule yule wa "mstiri mwanao"!

"Wangu pia," akasema. "Tangu Ramadhani. Nilidhani namstiri."

Wakasimama tisa siku ile! Mwalimu mkuu mwenyewe akawaongoza mpaka polisi na simu zao mkononi. Ujumbe ulikuwemo, namba ilikuwemo, na kabla ya wiki kwisha yule mtu akatiwa pingu. Allahu akbar! Binti wa fundi akaenda shule anaimba njia nzima, na binti wa dada kamshika mkono.

Na sisi je? Tumeamrishwa sitara, hilo halina ubishi. Lakini sitara ni nguo ya mtoto, na sisi tumeivua kwake tukamvika mwizi! Mtoto analia chumbani, mwizi anatembea kifua mbele, na tunajiita wenye haya. Wewe unayeinamisha kichwa sasa hivi, unajua kilichomo kwenye simu ya mwanao. Usifute. Mwalimu mkuu wa shule yake yupo ofisini mpaka saa tisa. Ondoka hapa uende.