Fisi na Matanga ya Vifaranga

Mwaka ule mvua iliikataa kabisa Mbuga ya Nyikandefu. Nyasi zilikauka, swala wakahama, na Fisi, ambaye hata wakati wa neema hakuwahi kushiba, akawa anatembea huku ameshika tumbo. Sufuria yake haikuwa na kazi tena. Akaipeleka dukani kwa Sungura, akaibadilisha kwa boksi la vifaranga wanane.

Sungura alimweleza waziwazi kwamba hao ni bantamu, kuku wa mbegu ndogo ambao hawazidi ukubwa wa njiwa. "Hawa hawawi wakubwa," alisema. Fisi akaelewa kwamba watabaki vifaranga maisha yao yote, ila hakujali, maana asiyerefuka anaweza kunenepa. Akaambiwa pia awawashie chemli usiku wasipigwe na baridi, na kwenye bakuli la maji atie vijiwe wasije wakazama. Fisi aliitikia yote, akafika nyumbani akalala bila kuwasha taa, kwa ubahili wa mafuta.

Asubuhi mmoja alikuwa amekufa kwa baridi. Fisi akaliangalia tonge lake lililoharibika bila kunenepa, uchungu ukampanda, akaangua kilio.

Sasa, pale Nyikandefu, kilio kikisikika hakuna anayeuliza nani amekufa. Kila jirani hubeba alicho nacho akaenda. Mama Ngiri alifika na viazi vitamu, wengine wakaleta makande na uji. Walipoambiwa marehemu ni kifaranga walitazamana, lakini chakula kilishatua chini, na kukibeba tena ingekuwa aibu. Kisha akafika Mzee Simba, ambaye hakuwahi kuona watu wamekusanyika asiwahutubie.

"Marehemu alikuwa na msimamo," alisema Simba, habari za mtu aliyeishi siku mbili. "Hakuyumba."

Basi kwa kuwa mkubwa ameshasema, ukawa msiba kweli. Wakazika, wakala, wakaondoka. Fisi alibaki amelala chali juu ya jamvi, ameshiba mpaka masikio yanamwasha, na ndipo akili ilipomjia. Ndani ya lile boksi mlikuwa na misiba mingine saba.

Tangu siku hiyo hapakuwa na mfugaji kama Fisi. Taa iliwaka usiku kucha. Maranda ya kulalia aliyabadilisha kila siku, vijiwe vya bakuli akavisugua kimoja kimoja. Boksi alilizungushia duara la kadibodi lisilo na pembe, vifaranga wasije wakarundikana na kukanyagana. Na kila tumbo lilipoanza kunguruma, alifunga gunzi la hindi ndani ya sanda, akawasukuma vifaranga mvunguni na kuwafunika blanketi ili wadhani ni usiku wanyamaze, halafu akatoka mlangoni kulia.

Majirani walikuja kila mara, na kila mara Simba alihutubia magunzi. Marehemu mmoja alimsifu kwa uchapakazi, mwingine kwa kuheshimu wakubwa. Mama Ngiri, ambaye watoto wake walikuwa wakilala na uji mwepesi, alizidi kukonda na kuzidi kuleta viazi. Fisi aliona, akaangalia pembeni.

Wale waliozikwa nao waliota manyoya, wakamzoea. Walilala juu ya tumbo lake, wakamfuata mpaka chooni. Aliwapenda, jambo lililomshangaza mwenyewe, na akajiambia ni kwa sababu wanamlisha.

Alipobakiwa na mmoja kwa hesabu ya watu, alikwenda dukani kununua pumba na dawa ya kikohozi.

"Pumba yote hii ya mmoja?" Sungura aliuliza.

"Ana hamu ya kula, ndugu yangu. Ila sauti imemkauka."

"Hukauka saa ngapi?"

"Alfajiri tu. Anajinyoosha shingo, anakoroma, basi. Mchana ni mzima."

Sungura akampa dawa bila hata kucheka. Kesho yake Fisi alitangaza kwamba kikohozi kimemchukua wa mwisho, na Sungura akaenda moja kwa moja kwa Simba. Akamwambia kwamba ukoo mzima umekwisha, na msiba mzito namna hiyo hauzikwi na kuachwa hivi hivi. Watu walale matanga. Simba alikubali haraka, kwani hotuba yake ilikuwa ndefu. Fisi alikubali haraka zaidi, maana wanaolala matanga hula pia asubuhi.

Basi wakalala pale pale chumbani, Simba katikati. Alfajiri, mvunguni mwa kitanda, mgonjwa alijinyoosha shingo, na safari hii sauti ikatoka yote. Blanketi likainuka. Jogoo wa kimo cha njiwa akatoka, akapanda mgongoni kwa Simba, akawika mara ya pili. Nyuma yake wakaja ndugu zake sita, wakavuka miguu ya waombolezaji, wakajipenyeza chini ya tumbo la Fisi.

Wote walimgeukia Simba. Simba alikuwa amewalilia hao mbele ya watu, na Simba hajawahi kudanganywa.

"Mimi nilizika vifaranga wa Fisi," alisema polepole, jogoo bado yuko mgongoni. "Nikizika mimi, amekufa. Kwa hiyo hawa si wa Fisi. Ni kuku wasio na mwenyewe, wagawiwe walioomboleza."

"Mzee, ni wangu," Fisi alisema. "Nimewalea mimi."

"Wako tumeshawazika. Pole sana."

Wakagawana. Mama Ngiri alipata mitetea wawili, na kabla ya wiki kwisha wanawe walikula mayai, madogo lakini ya kwao. Jogoo alikwenda kwa Simba. Fisi alirudi ndani, akaliona lile duara la kadibodi na bakuli lenye vijiwe visafi, akalia. Alilia kuliko misiba yote, mpaka sauti ikafika ng'ambo ya mbuga. Majirani walisikia vizuri. Mama Ngiri alikoroga uji wake, akawamiminia watoto.

Hivyo ndivyo Fisi alivyofiwa kweli siku moja, akakaa matanga peke yake. Anayewalisha wenzake uongo huula mwenyewe siku chakula kinapokwisha.