Banda la Bi Mwanakombo

Banda bovu la jirani hufunika lako la ndani. Ndivyo alivyowajibu Mama Siwema mlipokwenda kumwomba aondoe banda lake la kuku, eti litaharibu picha za harusi ya dada yenu. Mmerudi mnacheka, mnadhani mama wa watu ameishiwa maneno. Hakuishiwa. Kaeni hapa mnisaidie kuchambua mchele huu, mikono ifanye kazi na masikio nayo yafanye kazi. Maneno hayo yana kwao, na kwao ni kijiji cha Kwemdimu alikozaliwa mama yangu. Yeye ndiye aliyenisimulia yalivyoanza, nami nawapa kama nilivyopewa.

Zamani zile za mashamba ya mkonge, pale Kwemdimu alikuwako mtu akiitwa Mdoe. Alikuwa nyapara katika shamba la mbali, na nyumbani alirudi mara mojamoja. Alipoacha kazi alijenga nyumba ambayo kijiji kile kilikuwa hakijaona mfano wake: kuta za chokaa, sakafu ya saruji, na juu bati jipya linalong'aa hata ukiwa ng'ambo ya mto. Watu walizunguka njia makusudi ili wapite mbele yake. Mdoe alikaa barazani akipokea sifa, na sifa, wajukuu zangu, hazimshibishi mtu. Kila akizila huzidi kuona njaa.

Lakini kila aliyeisifu nyumba ile, macho yake yaliishia pembeni, kwenye bustani ya jirani, na hapo sifa zikakatika. Kulikuwa na banda. Halikuwa banda la mbuzi wala la kuku, wala halikuwa jiko au choo. Lilikuwa dogo, limeinama upande kama mtu anayeumwa na tumbo, na paa lake lilikuwa viraka vitupu: kipande cha mkeka, gunia, nusu bati lenye kutu, kuti kuukuu, ngozi ya mbuzi, hata mlango wa kabati. Hapakuwa na viraka viwili vilivyofanana. Lilisimama katikati ya migomba ya kikongwe mmoja, Bi Mwanakombo, mkunga wa kijiji, mjane aliyeishi peke yake. Dirisha la chumba cha Mdoe na mkewe lilitazamana nalo uso kwa uso.

Wanaume wa Kwemdimu hawakulizungumzia banda lile. Ukiwauliza walisema ni la bibi, basi. Hata hivyo waliyajua mambo yake. Kuku hawakupekua pale. Mbuzi, ambaye hujilaza popote penye kivuli, hakukisogelea kivuli cha banda lile hata jua liwe kali vipi. Kiangazi kikuu, udongo ulipopasuka kila mahali, mlangoni pake palikuwa na unyevunyevu. Na saa ya jua la utosi, ambayo wazee waliwakataza watu kupita bustanini peke yao, humo mlitoka harufu. Msidhani ulikuwa uvundo. Ilikuwa harufu ya nyumba yenye mzazi: mafuta ya nazi, ubani, habasoda na maziwa. Harufu nzuri kabisa, na uzuri wake ndio uliowatisha, kwa sababu ndani hamkuwa na mzazi wala mtoto.

Sasa, mke wa Mdoe aliitwa Mwantumu, naye alikuwa mjamzito. Walikuwa wamekaa miaka mingi bila mtoto. Mimba ya kwanza ilisemwa imeharibika wakati Mdoe yuko kwenye mkonge. Aliporudi wanawake walimwambia, “Yalikuwa maji tu,” naye hakuuliza zaidi, maana mwanamume alifundishwa kwamba hayo si yake. Mimba hii ya pili ilikuwa imefika mwezi wa mwisho. Mdoe alimpenda mkewe, na mtoto huyo alimtaka kuliko bati lake lote.

Ndiyo maana aliogopa alipoanza kuona mambo. Adhuhuri, Mwantumu huwa anazungumza vizuri, mara hukatisha neno katikati, hugeukia dirishani na kutulia kama anayeitwa. Siku moja alikuwa anamenya muhogo. Kisu kilisimama mkononi, na Mdoe akaona kanga ya mkewe imelowa kifuani, mahali pawili, maziwa yanamtoka na mtoto bado hajazaliwa.

“Una nini?” akamuuliza.

“Joto tu, mume wangu,” Mwantumu akasema, akajifunga upya.

Mdoe hakuwa mjinga. Aliona mkewe alikuwa ametazama wapi. Akaamua moyoni kwamba kikongwe yule anamchezea mimba yake, na kwamba banda litoke kabla mtoto hajazaliwa. Alikwenda kwa jumbe, wakapima mpaka kwa kamba, ikaonekana kweli nusu ya banda imekaa upande wake. Jumbe akampa ruhusa, ila hakumtazama usoni alipokuwa akiitoa.

Mdoe akaenda kwa jirani. Alimkuta Bi Mwanakombo anafagia mbele ya banda.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Mkeo hajambo?”

“Hajambo. Bibi, nimekuja kwa heri. Banda lako liko kwenye mpaka wangu, tena linatia uchuro mbele ya dirisha la mzazi. Nitakujengea jingine zuri, popote utakapo. Hili nalibomoa.”

Bi Mwanakombo aliendelea kufagia. “Si langu, mwanangu. Mimi nalitunza tu.”

“La nani basi?”

“Waulizeni wake zenu.”

Mdoe aliona ametukanwa. Alirudi nyumbani na hasira zake, akamwambia mkewe kwamba kesho banda linalala chini. Mwantumu alimpigia magoti. “Nakuomba, ngoja nijifungue. Masika ndiyo haya, mawingu yameshaanza. Ngoja mvua ipite.”

“Nipe sababu.”

Alifungua mdomo, akaufunga. Mdoe akavaa kofia yake. Kisha akasema, “Mtu asiyekuwa na sababu hana haki ya kuniomba,” akatoka.

Maskini Mwantumu! Sababu alikuwa nayo, na ilikuwa inamkaba roho. Nyinyi nawaambia ambalo Mdoe hakulijua. Wanawake wa Kwemdimu walikuwa na desturi yao. Kichanga kikifa kabla kitovu hakijadondoka, hakikupelekwa makaburini wala hakikuwekewa matanga. Wanawake walikilaza wenyewe mahali pamoja, chini ya paa, kwa kuwa iliaminiwa kwamba mvua ikikinyea kitaamka na kumtafuta mama yake, na kikimpata hakimwachi. Kila mama aliyelaza wake alileta kiraka kutoka nyumbani kwake, chochote alichoweza kukitoa bila kuulizwa. Ndiyo maana paa lile lilikuwa baya vile. Kisha mama alikula kiapo: asimwambie mwanamume yeyote pale pana nini. Akisema, mimba yake ijayo haitafika. Basi Mwantumu akisema atampoteza aliye tumboni, na akinyamaza mvua itamnyea aliye chini. Mngefanyaje? Mimi mpaka leo sijui ningefanya nini.

Kesho yake Mdoe alikuja na fundi Kupaza, mtu wa porini asiyejua hofu. Jua lilikuwa utosini, na upande wa milimani anga limekuwa jeusi. Kupaza alipanda, akang'oa gunia la kwanza, akachungulia ndani. Akashuka polepole.

“Mdoe, humu ndani mnapumua watu.”

“Popo hao.”

“Popo hawapumui kwa kupokezana,” alisema Kupaza. Aliacha nyundo chini na kuondoka, wala hakudai ujira.

Mdoe akapanda mwenyewe. Aling'oa ngozi, akang'oa mkeka, akautupa mlango wa kabati. Mama aliniambia kwamba kila kiraka kilipoanguka, mahali fulani kijijini palikuwa na mwanamke aliyeacha kazi yake. Mmoja aliangusha mchi. Mwingine alitoka na unga mikononi. Walikuja mmoja mmoja, wakasimama kwenye ua wa bustani, na hakuna aliyepiga ukelele wala kutoa neno. Mdoe alidhani wamekuja kumtazama. Aliwapungia mkono!

Akafika kwenye kiraka kimoja kilichokuwa hakitoki. Kilikuwa kimeshonwa kwenye fito kwa uzi wa mkonge, mshono mdogomdogo wa mtu mwenye subira. Alikata kwa kisu, akakivuta, akakikunjua. Lilikuwa koti la mvua, kubwa, la unyapara. Begani lilikuwa na namba yake ya kazi. Ni koti aliloliacha nyumbani mwaka ule wa mimba ya kwanza, na aliporudi akaambiwa limeliwa na mchwa.

Tone la kwanza likamwangukia mkononi.

Tone la pili lilipita kando yake, likaingia ndani ya banda, na chini pale kitu kikalia. Kilio chembamba, kama cha paka mchanga aliyefungiwa. Kikafuatwa na kingine, kisha vingine, kutoka ardhini, kila upande wa banda, na kila tone lilipozidi vilizidi. Wanawake kwenye ua walishika matumbo yao. Harufu ya maziwa ikajaa bustani nzima.

Mwantumu akatoka ndani ya nyumba ya chokaa. Alikuja mbio na tumbo lake lile, akaingia bandani, akaenda moja kwa moja kwenye pembe moja, akapiga magoti na viganja, akaufanya mgongo wake kuwa paa. Mvua ikampiga.

“Mwantumu!” Mdoe alipaza sauti kutoka juu. “Hapo pana nini?”

Mwantumu alijiziba mdomo kwa mkono. Alilitazama lile koti, akamtazama mumewe, akalitazama tena koti. Machozi na mvua vilimtiririka, na neno hakutoa.

Mdoe akaelewa. Alianguka zaidi kuliko alivyoshuka. Alimfunika mkewe kwa koti, na pamoja naye alichokuwa amekifunika, na chini ya koti lile kilio kimoja kikanyamaza. Kimoja tu. Vingine viliendelea.

“Bibi, nimeua,” akamwambia Bi Mwanakombo, ambaye alikuwa amesimama mlangoni. “Alikuwa amekatazwa kusema?”

“Hakukwambia,” bibi akajibu. “Umejionea mwenyewe. Kiapo cha kutosema, kinacholinda mimba yake, kipo palepale. Lakini hao wengine wanalowa, nao wana mama zao hapa.”

Mdoe hakungoja aambiwe la kufanya. Alipanda juu ya nyumba yake na nyundo aliyoiacha Kupaza, akaanza kuling'oa bati lake, lile jipya, lililokuwa likisifiwa na nchi nzima. Wanawake walipokea bati moja baada ya jingine, wakalipitisha juu ya vichwa mpaka bandani, wakaezeka kwa mikono yao. Kila bati lililokaa mahali pake, sauti chini yake zilinyamaza. Ilipobaki sauti moja, walilaza bati la mwisho, nayo ikanyamaza, pakabaki mvua tu inayopiga juu.

Hapo Mwantumu akashikwa na uchungu. Hapakuwa na muda wa kumtoa. Alijifungulia mlemle, Bi Mwanakombo akimpokea, na mtoto alikuwa wa kike. Alitoka macho wazi, hakulia. Aligeuza uso kwenye pembe ile na kutulia kana kwamba anasimuliwa jambo. Wanawake walishika pumzi. Alipomaliza kusikiliza ndipo akalia, akalia kwa nguvu. Mtoto huyo ndiye mama yangu, na alikula chumvi nyingi. Lakini mpaka uzee wake, ikifika adhuhuri alikatisha maneno kidogo, kisha akaendelea.

Mdoe aliishi na nyumba ya chokaa iliyoezekwa makuti, na pembeni yake banda lililopinda lenye bati la fahari. Watu walicheka, sana. Yeye alipita pale kila adhuhuri, akasimama nje na kofia mkononi, bila kuingia. Jambo moja hakulipata mpaka anakufa: kujua kama yule wa kwanza alikuwa wa kiume au wa kike. Hakuwahi kuuliza, maana kuuliza ni kumlazimisha mkewe aseme, na Mwantumu alikuwa na mimba nyingine, kisha nyingine, nazo zote zilifika.

Mwaka mmoja alipita mchuuzi wa nguo, mtu wa mjini, akapumzika barazani kwa Mdoe. Alitazama huku na huku, akacheka. “Mzee, jirani yako naye! Banda limepinda vile, anakuharibia mandhari yote. Ungemwambia alivunje.”

Mdoe alikuwa amempakata binti yake. Alimgeuza mtoto atazame banda. Kisha akasema polepole, na wanawake waliokuwa wanapita na ndoo zao wakasimama wakamsikia:

“Banda bovu la jirani hufunika lako la ndani.”