Kinoo Kilichokuwa Chini ya Kitanda

Kinoo cha wengi hakilali chumbani.

Mmemsikia mama yenu akimwambia hivyo mwenzake kwenye simu, nanyi mkaja mbio kuniuliza kinoo ni nini na kwa nini kilale. Kinoo ni jiwe la kunolea visu. Sogeeni basi, niwaambie maneno hayo yalitoka wapi, maana siku yalipotamkwa nilikuwa nimesimama hapohapo na dishi la viazi mkononi.

Wakati huo nilikuwa nawapikia vijana wa ofisi ya ushirika wa wakulima wa chai, kule Rungwe. Mama yenu, Tusekile, alikuwa mgeni ofisini, na alikuwa hajakutana bado na mwanangu, baba yenu. Mimi nilimpenda kwanza. Kila akimaliza kula aliosha sahani yake na ya aliyeketi jirani naye, bila kusema neno.

Kiongozi wake alikuwa kijana aitwaye Ambakisye. Mama yake alikuwa mchuma chai, naye alikulia mgongoni mwake kati ya mistari ya michai. Aliwaona wanawake wakikaa kutwa kwenye mabanda ya kupokelea majani, hawajui kama lori litakuja. Jani la chai likishachumwa halingoji. Likifungwa kwenye gunia linapata joto, linakuwa jekundu, na kiwanda hakilitaki. Kwa hiyo Ambakisye na Tusekile walikuwa wakitengeneza programu tatu za simu: moja ya wakulima, iwaambie siku ya lori, moja ya madereva, na moja ya makarani wanaopokea majani na kuyapa namba.

Sasa nisikilizeni vizuri, na msinicheke, mambo haya nimeelezwa nikichambua maharage. Programu huandikwa vipande vipande. Ndani ya kompyuta kuna chombo kinachovikusanya vipande hivyo na kuviunganisha kuwa kitu kimoja, kikifuata karatasi ya maagizo. Ukitaka chombo kifanye kazi ambayo hakikuzaliwa nayo, unakiandikia nyongeza. Wenyewe wanaiita programu-jalizi. Vijana wetu walihitaji nyongeza ya kuchukua orodha ya vituo na kukipangia kila kituo siku yake ya lori.

Wakabishana mezani kwangu namna ya kuiandika.

"Tuiandike humuhumu kwenye karatasi ya maagizo ya programu ya wakulima," alisema Ambakisye. "Ni kazi ya saa moja."

"Na hizo programu mbili nyingine?" aliuliza Tusekile.

"Nitanakili. Nitabandika."

"Kaka, afadhali hata tungeiweka kando kidogo, humohumo ndani ya programu, isomeke vizuri. Lakini iliyo bora ni kuiandika nje, isimame peke yake, iwe na jina lake. Kila programu iite jina hilo."

"Siku ngapi?"

"Nne. Labda tano."

"Jumatatu msimu unaanza, dada. Hao akina mama watakaa kwenye mabanda siku tano wakikusubiri wewe na jina lako?"

Tusekile akakusanya sahani, akaenda kuosha. Wala Ambakisye hakuwa na kiburi, wanangu. Haraka yake ilikuwa ya huruma, na haraka ya huruma ni ngumu kuipinga. Akaandika kwa saa moja, akanakili mara mbili, na Jumatatu simu zikalia vijijini. Watu walishukuru sana.

Wiki ya sita mvua ikaondoka na daraja. Vituo vya ng'ambo ikabidi vifikiwe kwa barabara ya kuzunguka, siku moja baadaye kuliko ilivyopangwa. Ambakisye akaibadilisha nyongeza kwenye programu ya wakulima, akaiunganisha upya, akaituma. Kisha akaitwa kikaoni, kikao kikamla siku nzima.

Jumatano asubuhi wanawake wa Isumba, kituo kimoja cha ng'ambo, walikuwa wamechuma tangu umande, kama simu zao zilivyowaambia. Saa nne lori halijafika. Mwenyekiti wao, Mama Kissa, akapiga simu ofisini. Tukampigia dereva.

"Isumba?" alisema. "Nilikwenda jana kwa kuzunguka. Sikumkuta mtu, nikarudi zangu. Simu yangu inasema Jumanne."

Ambakisye alishika kichwa. Akafungua programu ya madereva, akarekebisha, akaituma, na lori likageuza. Yeye na Tusekile wakasema watakwenda nalo, wakaombe radhi uso kwa uso. Nami nikapanda na dishi la viazi na maharage, maana nilijua wale wanawake hawajala kitu.

Tulipofika tuliwakuta wamemwaga majani sakafuni bandani na juu ya khanga zao, wanayageuza kwa mikono yasishike joto. Sakafu haikuwatosha wote. Mama Kissa alikuwa amewaachia wenzake nafasi. Magunia yake mawili yalikuwa yamesimama nje ukutani, yamefungwa.

Karani akatoa simu yake apokee. Akabonyeza, akabonyeza tena.

"Inakataa," alisema. "Inasema leo si siku ya Isumba. Bila namba, kiwandani hawashushi."

Nilimwona Ambakisye akikaa chini, akafungua kompyuta mapajani. Akafuta macho kwa mkono wa shati, akaanza kuandika. Tusekile akachutama kando yake, akamshikia simu ili apate mtandao.

Mama Kissa akaacha kugeuza majani, akaja.

"Mwanangu, hukutengeneza asubuhi?"

"Nilitengeneza ya dereva, mama. Hii ni ya karani."

"Siku za lori si ni zilezile?"

"Ni zilezile."

"Kwa hiyo jambo ni moja, umeliweka nyumba tatu. Likiharibika unabisha hodi nyumba tatu."

"Ndiyo, mama. Moja nikaisahau. Mbili, kumbe." Akamtazama Tusekile. "Huyu alinionya."

"Sikukuonya," alisema mama yenu. "Nilipendekeza tu."

Wanawake wakacheka kidogo, na kicheko kile kilitusaidia sote. Mama Kissa akaketi juu ya jiwe.

"Usilie, nikuambie letu. Kikundi chetu kilipewa kinoo kizuri cha kunolea visu vya kupogolea michai. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikipenda sana, akaogopa kisivunjike. Akakilaza chini ya kitanda chetu. Akasema yeyote anayetaka kunoa aje, mlango uko wazi. Alisema kweli kutoka moyoni. Lakini nani atakwenda kuomba jiwe chumbani kwa mzee alfajiri? Wake za wanangu ndio kabisa. Kwetu mkwe hakaribii hata kivuli cha baba mkwe. Kila mtu akatafuta jiwe lake. Huyu tofali, yule kipande cha zege. Visu vikawa butu kila kimoja kwa namna yake, michai ikachanika badala ya kukatwa. Msimu ule tulikiona cha moto."

"Mkafanyaje?" aliuliza Ambakisye, macho kwenye kompyuta.

"Nilikitoa mwenyewe, nikakileta hapa bandani, nikakipigilia juu ya gogo. Sasa kikilika katikati, sote tunaona, anasawazisha mmoja na visu vyote vinapona. Mwanangu, kinoo cha wengi hakilali chumbani."

Simu ya karani ikalia. Ilikuwa imekubali.

Tulipakia kwa haraka, hata Tusekile na mimi. Majani ya sakafuni yote yalipokelewa. Magunia ya Mama Kissa yalipofunguliwa yalitoa mvuke, na ndani yalikuwa mekundu kama matofali. Karani alitikisa kichwa. Mama Kissa akayamwaga kwenye shina la mgomba, akakung'uta magunia, akayakunja. "Ndaga," alituambia, yaani asante, na akaniomba kiazi.

Ambakisye hakula. Jumamosi nilisikia amekwenda Isumba na kikapu mgongoni, akamchumia Mama Kissa hadi magunia mawili yakajaa, na wanawake wakamtania kwamba vidole vya kompyuta bado vinakumbuka kazi.

Jumatatu yake aliingia ofisini, akavuta kiti chake, akakiweka upande wa meza ya Tusekile.

"Zile siku zako nne, dada. Anza kuzihesabu leo. Wewe andika, mimi nitakufuata."

Zilikuwa sita. Nyongeza ikasimama nje peke yake, na jina lake, na programu zote tatu zikaiita. Daraja lilipojengwa upya na siku zikabadilika tena, mama yenu alirekebisha mahali pamoja kabla chai yangu haijachemka. Siku ile Isumba waliletewa lori saa tatu.

Kwa hiyo mkimsikia anamwambia mwenzake maneno yale, msidhani anamkaripia. Anamwambia kama alivyoambiwa mtu aliyekuwa na nia njema na akaumia: kinoo cha wengi hakilali chumbani.