Mzee Aliyesahau Mkono wa Kulia

Nimetumiwa hii nikimnyonyesha mtoto, nikashindwa kukaa nayo peke yangu. Isome taratibu, kisha umpe mwingine.

Katika kijiji kimoja cha milimani watu walicheza kila Jumamosi, wawili wawili, kinanda cha kodiani kikilia. Mzee Ngotho alisimama juu ya kreti ya soda na kuwaitia mizunguko. Akisema "Kulia!" kila mmoja humshika mwenzake mkono wa kulia, wakazunguka. Akisema "Kushoto!" ni mkono wa kushoto. "Kiwiko!" wanapitishana viwiko.

Mkewe alishafariki, na wanawe hawakuja kumwona. Siku sita za juma hakuna aliyelitaja jina lake. Kreti ile ndiyo iliyombakia.

Jumamosi moja hakuita "Kulia" hata mara moja. Kushoto, kushoto, kiwiko cha kushoto, mpaka watu wakashikwa na kizunguzungu.

"Mzee, mkono wa kulia umeuuza?" mmoja akapiga kelele. Wakacheka.

"Nimezeeka, wanangu. Nimeusahau."

Mwenyekiti wa ngoma akamwonya. "Ukisahau tena, Mzee, tutaweka mwingine."

Jumamosi iliyofuata akaita kushoto tupu. Wakamteremsha palepale, wakapandisha kijana.

Kijana akapaza sauti: "Kulia!"

Pale mwisho wa mstari, Wanjugu akasimama ghafla. Alikuwa bibi arusi mpya wa fundi viatu wa kijijini, ametoka mbali, hakuna aliyemjua vizuri. Mumewe akamtengenezea shali begani, wakatoka nje.

Chini ya shali ile hakukuwa na mkono wa kulia. Mashine ya kukatia majani ya ng'ombe iliuchukua akiwa kwao. Mzee, ambaye kazi yake ilikuwa kutazama mikono, aliliona hilo tangu siku ya kwanza Wanjugu alipokuja kucheza.

Kesho yake Wanjugu alimfuata nyumbani.

"Baba, mbona hukuwaambia?"

"Ningewaambia, mwanangu, wangekutazama wewe. Heri wanitazame mimi."

Hakuna aliyemrudisha kwenye kreti. Alifariki kabla ya mvua. Kaburini watu walinong'ona, "Maskini, akili zilimtoka mapema."

Wanjugu akavua shali mbele yao wote. Akachota udongo kwa mkono wa kushoto, akaumwaga juu ya kaburi.

Hakuna aliyecheka. Lakini mzee alikuwa ameshafunikwa.

Funzo: Kabla hujamcheka aliyekosea, jiulize anamsitiri nani. Ukichelewa kuuliza, utauomba udongo radhi.