Sinia la Fedha la Bwana Chui

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo sauti ya watu wenye njaa. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni karibu, maana hii inatisha, na sitaki mtu aniponyoke katikati.

Hapo kale Bwana Chui aliwafuata Wazungu vitani, huko Bara Hindi. Wakavunja jumba la watu, wakawaua wenye jumba, wakagawana vyombo. Chui akarudi na sinia la fedha na birika lake, vyombo vya kale vyenye nakshi ya maua. Tangu hapo kila Ijumaa alikamata mtoto wa mtu, akamla juu ya sinia.

Ijumaa moja zamu ikamfikia Bi Nguchiro, mwosha maiti wa mji. Chui akamfunika mwanawe kwa tenga, akamwambia mama mtu, "Sugua vyombo. Nataka niuone uso wangu humo."

Nguchiro akasugua kwa majivu, kwaru kwaru.

"Mama, naogopa," mtoto akasema ndani ya tenga.

"Nami naogopa, mwanangu. Nyamaza."

Kwaru kwaru. Vikang'aa. Chui akajiona, akaridhika, akaweka kichwa juu ya tenga, akalala, khorr, khorr.

Nguchiro mbio hadi bandani kwa kuku, akaja na mayai. Wezi wa mayai wanajua yai linavyoitia fedha weusi. Akapaka sinia, akapaka birika, akaacha mpaka adhuhuri. Akafuta, akafunika kawa.

Chui akaamka, akafunua kawa. Sinia jeusi tititi. Birika jeusi tititi.

"Umevifanya nini?"

"Nilivisugua, Bwana, ukaviona." Sauti ilimtetemeka kwelikweli, roho ya mwanawe ilikuwa hapo. "Weusi huu ni wenyewe vyombo. Wamekuja kula."

Chui akarudi nyuma. "Wenyewe tuliwaua."

"Nani aliwaosha? Maiti asiyeoshwa hatulii."

Chui akarudi hadi dirishani.

"Na kwetu, Bwana, vitu vya maiti hupewa nani?"

"Mwosha," Chui akanong'ona. "Vichukue, Bi Nguchiro."

"Sivitaki. Naogopa."

"Nakuomba. Mchukue na mwanao, asije akalia mbele yao."

Chui akaruka dirishani, puu! Mpaka leo nyama yake huila juu ya mti, chini haweki kitu.

Nguchiro akavisugua tena, kwaru kwaru. Jioni wanawe wakala wali juu ya sinia.

Ngano yangu imetua hapa. Anayeiona chapwa akaitie chumvi kwao. Na funzo mlishike: mali ya kuporwa hurudishwa kwa wenyewe. Nguchiro naye husema hivyo hivyo kila siku. Ila, anasema, wajukuu wa wenyewe hawajui kuvitunza, na wakishikwa na hamu sana, waje kwake wavitazame.